Shajara ya mradi: kupima ualkali wa maji ya boila kwa titresheni, kiwanda cha alizeti Dodoma

6 Mei: Tunachotafuta

Kiwanda ni kidogo, kiko upande wa Kizota, kinakamua alizeti. Boila inachoma maganda ya alizeti na inaendeshwa kwa presha ya bar 7. Sehemu ya mvuke inaingia moja kwa moja kwenye mbegu kabla hazijafika kwenye mashine ya kukamua, sehemu nyingine inapasha masufuria yenye koti (ukuta wa pili unaopitisha mvuke kwa nje) kwenye usafishaji wa mafuta. Maji ni ya kisima chetu, yanapita kwenye mtambo wa kulainisha, kisha boila.

Hadi sasa ualkali ulikuwa unapimwa kwa vijikaratasi vya rangi. Vinakwambia "juu" au "chini", basi. Mwongozo wa boila yetu unataka ualkali jumla usizidi miligramu 700 kwa lita, na huwezi kuendesha boila kwa "juu". Msimu wa mbegu mpya unaanza, boila itafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo tunataka namba ya kila siku inayopimwa hapahapa kiwandani.

Kwa atakayefuata shajara hii, jambo moja liwekwe sawa mapema: ualkali si pH. pH inaonyesha maji yamesimama wapi sasa hivi. Ualkali unaonyesha maji hayo yanaweza kumeza asidi kiasi gani kabla hayajashuka. Unadondosha asidi unayoijua nguvu yake, unasimama mara ya kwanza kwenye pH 8.3 (hiyo ni P, kwa kiashiria cha fenolfthaleini, pinki inapotea), halafu unaendelea hadi karibu pH 4.5 (hiyo ni M, ualkali jumla, kwa kiashiria cha methili oranji). Hesabu ni hii:

Ualkali = mililita za asidi × N × 50,000 ÷ mililita za sampuli

N ni nguvu ya asidi (nomaliti). Jibu ni miligramu kwa lita, likihesabiwa kama kalisiamu kaboneti.

Vifaa vilivyonunuliwa: bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea asidi) ya mililita 50 na stendi yake, 95,000, flaski ya ujazo ya lita moja pamoja na flaski za koniko, 70,000, pipeti mbili, 24,000, mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, 40,000, fenolfthaleini na methili oranji, 36,000, chupa ya asidi ya salfuriki iliyoandikwa 0.1 N, 30,000. Jumla shilingi 295,000.

14 Mei: Asidi haiaminiki mpaka ipimwe

Asidi ya 0.1 N inapunguzwa: mililita 200 kwenye flaski ya lita moja, jaza hadi alama kwa maji yaliyotoneshwa, unapata 0.02 N. Kazi ya dakika chache. Wengi huishia hapo na kuanza kupima, na ndipo namba zao zote zinapopotoka kwa pamoja bila mtu kugundua, kwa sababu zinapotoka kwa kiasi kilekile kila siku.

Ili kuihakiki asidi unahitaji sodiamu kaboneti safi. Mwenzetu mmoja alipendekeza magadi ya sokoni. Hayafai: magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti, baikaboneti na maji, na huwa na chumvi na udongo ndani yake. Huwezi kujua gramu moja ina nini.

Njia iliyofanya kazi ni baikaboneti ya soda ya dukani, ile ya kuokea. Ukiipasha moto inatoa maji na gesi ya kaboni dioksidi, inabaki kaboneti. Gramu 10.00 zikikamilika zinabaki gramu 6.31. Tuliitandaza kwenye sufuria safi kavu juu ya jiko la mkaa, tukakoroga kwa kijiko cha chuma, tukapoza kwenye chupa iliyofungwa na kupima. Mara ya kwanza zilibaki 6.74, maana yake bado. Ikarudi jikoni, 6.33, kisha 6.31, na haikushuka tena.

Paketi ya kwanza iliyoletwa ilibadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu ya kuungua. Hiyo ilikuwa bekin pauda, si baikaboneti tupu. Ndani yake mna wanga na asidi kavu. Someni maandishi ya paketi: kiambato kiwe kimoja tu.

17 Mei: Namba ya kweli ya asidi

Gramu 2.65 za kaboneti kwenye lita moja zinatoa 0.05 N. Mizani ya sonara inaweza kukosea gramu 0.01, yaani kama asilimia 0.4, na kwa kazi ya boila hiyo inavumilika. Ukichukua mililita 10 za myeyusho huo, asidi ya 0.02 N kamili inapaswa kutumika mililita 25.0.

Tulipata kati ya 26.7 na 27.9, kila jaribio na lake. Mtawanyiko mkubwa hivyo ulitokana na kaboni dioksidi inayozaliwa ndani ya flaski: inabaki kwenye maji, inashusha pH yenyewe, na rangi inaanza kubadilika kidogo kidogo badala ya kugeuka mara moja. Dawa yake ni kuchemsha. Unatitresha hadi rangi inapoanza tu kugeuka, unachemsha flaski dakika tatu hadi tano, rangi ya njano inarudi, unapoza, halafu unamalizia kwa matone. Baada ya hapo majibu yote yakaangukia 27.4.

N = 0.5 ÷ 27.4 = 0.01825.

Asidi yetu ilikuwa dhaifu kwa karibu asilimia 9 kuliko kibandiko kinavyosema. Tumeandika namba hiyo kwenye kibandiko kipya pamoja na tarehe, na kila chupa mpya itakayochanganywa itapimwa kwanza.

Maji yaliyotoneshwa nayo yaangaliwe. Maji ya betri ya dukani tuliyochukua yaligeuza methili oranji kuwa nyekundu kabla ya tone lolote la asidi. Chupa hiyo ilikuwa na asidi. Sasa tunatonesha wenyewe kutoka kwenye mvuke, kisha tunachemsha robo saa na kupoza chupa ikiwa imefungwa, ili kaboni dioksidi itoke.

23 Mei: Maji ya kisima

Sampuli ya mililita 50. Fenolfthaleini haikuonyesha pinki hata kidogo, kwa hiyo P ni sifuri na ualkali wote ni baikaboneti. Methili oranji: mililita 16.9 nilipotitresha mimi, 17.6 alipotitresha mwenzangu wa zamu ya usiku. Hiyo ni 308 dhidi ya 321 kwa maji yaleyale.

Asidi haikuwa na tatizo wala bureti. Tofauti ilikuwa kwenye jicho. Methili oranji inapita kutoka njano hadi nyekundu polepole kati ya pH 4.4 na 3.1, na kila mtu ana chungwa lake. Tulichofanya ni kuweka flaski ya kulinganishia: maji yenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH isiyobadilika) ya pH 4.5, ujazo uleule, matone yaleyale ya kiashiria, imefungwa kizibo, imesimama kando ya bureti juu ya karatasi nyeupe. Unasimama rangi zinapofanana. Tangu hapo tofauti kati yetu haizidi mililita 0.1. Atakayepata kiashiria cha mchanganyiko wa bromokresoli kijani na methili nyekundu akichukue, mgeuko wake uko wazi zaidi na uko karibu na pH inayotakiwa.

Maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kulainisha: 16.8, yaani 307.

Fundi wa boila alikuwa amesimama mlangoni akaniuliza, "Dada, si tumeshayalainisha hayo maji? Mbona namba haijashuka?" Swali lake ndilo kiini cha mradi huu. Mtambo wa kulainisha unatoa kalisiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Baikaboneti hauigusi. Maji yanaingia na ualkali wa 308 na kutoka na 307, laini kabisa, huku mzigo wa ualkali ukiwa uleule. Sabuni inatoa povu vizuri, birika halifanyi ukoko, na boila bado ina tatizo.

3 Juni: Sampuli ya boila, na joto linalodanganya

Sampuli ya kwanza ilichotwa moja kwa moja kwenye vali kwa mtungi wa chuma. Sampuli ya mililita 25 ikala mililita 27.6 za asidi hadi M. Hiyo ni 1,007.

Namba hiyo si ya kweli. Kwenye bar 7 maji ya boila yako kama nyuzi 170. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na maji hapa yanachemka karibu nyuzi 96. Ukifungua vali, maji hayo hayawezi kubaki maji yote: karibu asilimia 14 yanaruka papo hapo kuwa mvuke na kuacha chumvi zake kwenye mtungi. Kilichobaki kimekolea kuliko kilichomo ndani ya boila.

Suluhisho ni koili ya kupozea. Bomba jembamba la shaba la mafundi friji, limezungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, mwisho wake unaingia hadi chini ya chupa ya sampuli. Fungua vali kidogo tu, acha yamwagike kwanza ya bombani, jaza chupa mpaka ifurike, funga bila kuacha hewa. Gharama 38,000. Jibu baada ya koili: 23.8, yaani 869.

Shida nyingine ni rangi. Dawa ya boila tunayotumia ina tanini, na maji yanatoka kama chai ya rangi. Pinki ya fenolfthaleini juu ya maji hayo inaonekana na kutoonekana, na methili oranji haina maana kabisa. Tulijaribu kupunguza sampuli hadi mililita 10: rangi ikafifia lakini kosa la tone moja likakua. Ikabidi kununua kipima pH chenye elektrodi ya kioo pamoja na bafa za 4, 7 na 10, shilingi 165,000. Sasa kwa maji ya boila hatuangalii rangi. Tunadondosha, tunakoroga taratibu, tunasoma 8.3, tunaandika, tunaendelea hadi 4.5, tunaandika. Karibu na vituo hivyo matone yawe moja moja na usubiri namba itulie.

P ikawa 18.6, yaani 679. M 869.

11 Juni: Sampuli iliyolala wazi

Zamu ya usiku iliacha sampuli kwenye bilauri pana mezani, ikapimwa asubuhi pamoja na ile iliyofungwa. Naweka namba zote mbili kwa sababu zinafundisha.

Iliyofungwa: P 679, M 869. Iliyolala wazi: P 551, M 865.

M haikusogea, P imeanguka. P ikizidi nusu ya M, hidroksidi ni 2P kutoa M, na kaboneti ni mara mbili ya tofauti ya M na P. Kwa iliyofungwa: hidroksidi 489, kaboneti 380. Kwa iliyolala wazi: hidroksidi 237, kaboneti 628. Hewa imeingiza kaboni dioksidi kwenye maji, hidroksidi imegeuka kaboneti, na jumla imebaki palepale.

Kwa hiyo anayepima M pekee anaweza kuchelewa na asidhurike sana. Anayetaka kujua hidroksidi, ambayo ndiyo inayolinda chuma ikiwa ya kutosha na kuleta povu na mipasuko ya chuma ikizidi, apime P mara tu sampuli inapopoa. Kwa maji ya kisima mambo ni kinyume: yakikaa yanatoa gesi, kalisiamu kaboneti inaganda kwenye kuta za chupa, na hapo M yenyewe inashuka. Usiyachuje, usiyaache juani.

Kitu kingine kidogo: siku pampu ya kisima ilipoharibika tulitumia maji ya mjini yenye klorini, na rangi ya kiashiria ikawa inafifia yenyewe. Tone moja la sodiamu thiosalfeti kabla ya kiashiria linatosha.

20 Juni: Namba zinasema nini

Sasa tunaamini tunachosoma, na tunachosoma hakipendezi.

Ndani ya boila baikaboneti inavunjika kuwa kaboneti, na kaboneti inavunjika kuwa hidroksidi. Kila hatua inatoa kaboni dioksidi inayoondoka na mvuke. Ualkali jumla haupungui, unabadilika sura tu. Kwa hiyo unaweza kugawanya M ya boila kwa M ya maji yanayoingia na kujua maji yamekolezwa mara ngapi: 869 ÷ 307 = 2.8. Maana yake, ili maji ya boila yasikolee mno, tulikuwa tunamwaga kupitia vali ya chini zaidi ya theluthi ya maji yote tunayoingiza, na bado tumezidi 700. Kufika 700 tungepaswa kumwaga asilimia 44. Maji hayo yanatoka na joto la nyuzi 170, joto lililolipiwa kwa maganda na jasho la mtu wa tanuri.

Upande wa pili wa hesabu ni gesi. Kwa mgawanyo wa hidroksidi na kaboneti tulioupata, kila mita ya ujazo ya maji ya kisima inapeleka zaidi ya gramu 200 za kaboni dioksidi kwenye mabomba ya mvuke. Mvuke unapopoa, gesi hiyo inayeyuka kwenye matone na kuwa asidi ya kaboniki.

Tukapima maji ya mvuke uliopoa yanayotoka kwenye masufuria yenye koti. pH 5.4, ualkali 4, rangi ya kutu. Maji hayo yalikuwa yanamwagwa mtaroni kwa sababu bomba la kuyarudisha lilitoboka muda mrefu uliopita. Sasa duara lote linaonekana: ualkali unazaa gesi, gesi inatoboa bomba, bomba likitoboka maji safi kuliko yote kiwandani yanamwagwa, na tangi la kulishia boila linajazwa maji ya kisima matupu yenye 307.

8 Julai: Bomba la kurudisha

Jaribio la kwanza lilikuwa kuziba matundu kwa kuchomelea. Halikudumu. Maji yalianza kuvuja sentimita chache pembeni ya kila kiraka. Tulipokata kipande ndipo sababu ilipoonekana: upande wa juu wa bomba una unene wake wote, upande wa chini kuna mfereji mrefu mwembamba uliochimbwa pale maji yanapotambaa, umelala pamoja na bomba kutoka kiungo hadi kiungo. Chuma cha kuchomelea hakina pa kushika.

Sehemu za chini zote zimebadilishwa kwa bomba la chuma kisichoshika kutu, na mteremko umewekwa ili maji yasituame. Shilingi 780,000 pamoja na ufundi. Kuna kemikali za kuua nguvu ya asidi ndani ya mvuke, lakini mvuke wetu unagusa mbegu za mafuta ya kula, kwa hiyo tumeziacha.

2 Agosti: Baada ya kurudisha maji

Mvuke unaoingia kwenye mbegu haurudi, huo umekwenda. Wa kwenye koti unarudi, na tangi la kulishia boila sasa linasoma M ya 170 badala ya 307. Boila inasoma P 497, M 665: hidroksidi 329, kaboneti 336. Tunamwaga kama robo ya maji yanayoingia. Vipimo vinafanywa mwanzo wa kila zamu, na fundi wa boila ndiye anayetitresha mwenyewe. Daftari liko ukutani kando ya vali.

19 Agosti: Chokaa kwenye pipa

Hatua inayofuata ni kushusha 307 yenyewe. Chokaa iliyozimwa inakutana na baikaboneti ya kalisiamu na vyote viwili vinaanguka chini kama kalisiamu kaboneti. Ni lazima ifanyike kabla ya mtambo wa kulainisha. Baada yake kalisiamu haipo tena, na chokaa inabadilisha tu baikaboneti kuwa kaboneti bila kupunguza M.

Kwa pipa la lita 200 hesabu inadai kama gramu 45 za chokaa safi. Ya dukani si safi, tukaanza na 80. Baada ya kutuama usiku kucha: P 64, M 104. P imezidi nusu ya M, kwa hiyo kuna hidroksidi ya 24 iliyobaki, chokaa imezidi. Pipa la pili gramu 52: P 38, M 90. Hidroksidi hakuna, kaboneti 76, baikaboneti 14. Kutoka 308 hadi 90 kwa chokaa ya kupakia ukuta.

Kazi iliyobaki ni tope. Pipa moja linaacha matope meupe chini na maji ya juu bado yana vumbi linaloweza kuziba mtambo wa kulainisha. Tunajenga tangi la kutuamia lenye chujio la mchanga. Vipimo vyake vitawekwa hapa likianza kutoa maji.